Masurufu, Stakabadhi na Kompyuta: Kabla Hujanunua Programu ya Safari



Juma hili nataka tuzungumze habari ya safari. Si safari ya harusi wala ya mapumziko, bali ile anayotumwa mtu na mwajiri wake: karani anayepelekwa Dodoma na mafaili, fundi anayekwenda Mbeya kutengeneza mtambo, mwuzaji anayezunguka Kanda ya Ziwa na sampuli za bidhaa. Siku hizi ofisi nyingi za mijini, kubwa kwa ndogo, zinabishiwa hodi na wauzaji wa programu za kompyuta. Wanaahidi kwamba chombo chao kitakata tiketi, kitapanga hoteli, kitapokea stakabadhi na kufunga hesabu, na mhasibu atabaki kunywa chai. Wakuu wa ofisi wanauliza, "Tununue ipi?" Mimi naona liko swali linalotangulia hilo. Programu hiyo inakuja kumtua nani mzigo?

Niwape kisa changu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilitumwa na ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, kwenda Mwanza kwa garimoshi la Reli ya Kati. Nilipewa masurufu ya siku sita. Kazi ikachukua siku tisa, kwa sababu mtu niliyemfuata alikuwa amevuka kwenda Ukerewe. Siku tatu za ziada nililala katika nyumba ya wageni karibu na stesheni kwa fedha yangu mwenyewe. Mwenye nyumba, mama mtu mzima asiye na kitabu cha stakabadhi, aliniandikia kwenye karatasi ya daftari la shule, akatia sahihi. Niliporudi Dar es Salaam, mhasibu aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole akasema, "Bwana, hii si stakabadhi, hii ni barua." Fedha yangu sikurudishiwa. Tena, kwa kuwa nilichelewa kurejesha hesabu za masurufu, nilikatwa mshahara miezi miwili mfululizo.

Mhasibu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanuni mkononi, na kanuni hiyo haikumjua mama mwenye nyumba ya wageni. Nalikumbuka jambo hili kila nionapo tangazo la programu hizi, kwa sababu kompyuta nayo ni mhasibu wa namna hiyo hiyo. Itafuata kanuni uliyoipa, wala haitakuonea huruma.

Sasa tuelezane kazi ya programu hizi. Zinafanya mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyafunga kitita kimoja, lakini kila moja lina asili yake.

Jambo la kwanza ni kukata tiketi na kupanga malazi. Asili yake ni mashirika ya ndege. Mwaka 1953, mkuu wa shirika la ndege la American Airlines, C. R. Smith, alikaa katika ndege kutoka Los Angeles kwenda New York karibu na mwuzaji wa mitambo ya IBM aliyeitwa R. Blair Smith. Mazungumzo ya wale wawili wenye jina moja ndiyo yaliyozaa mtambo ulioitwa Sabre, na kufikia mwaka 1964 ulikuwa ukitunza nafasi za abiria wa shirika hilo lote. Ulaya nayo, mwaka 1987, mashirika manne ya Air France, Iberia, Lufthansa na SAS yalianzisha mtambo wao ulioitwa Amadeus. Wakala wa usafiri wa mjini Dar es Salaam au Nairobi anapokutazamia nafasi ya ndege, mara nyingi anachungulia katika mitambo ya jamii hiyo. Tiketi za karatasi nazo ziliagwa rasmi na mashirika wanachama wa IATA tarehe 1 Juni 2008, na tangu hapo tiketi ni maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta.

Jambo la pili ni kusimamia gharama: nani kaomba fedha, nani kaidhinisha, kiasi gani kimelipwa, stakabadhi ziko wapi, salio limerudi au halikurudi. Hili ni jambo la kihasibu. Kampuni ya Marekani iitwayo Concur ilianza mwaka 1993, ikawa maarufu katika kazi hii, na mwaka 2014 ilinunuliwa na SAP ya Ujerumani kwa dola zaidi ya bilioni 8. Nayataja haya mjue kwamba biashara hii si ya mchezo, na kwamba programu nyingi tunazoletewa zimekatwa kwa vipimo vya miili ya wengine.

Maana yake ni nini? Programu nyingi za ng'ambo zinachukulia kwamba mfanyakazi ana kadi ya benki ya kampuni, anasafiri kwa ndege, analala hoteli yenye mashine, halafu anadai kurudishiwa fedha aliyotumia. Kwetu mambo huanza upande mwingine. Mfanyakazi hupewa masurufu kabla ya kuondoka, hulipwa posho ya kujikimu kwa kila usiku, hupanda basi, hulipa kwa simu au kwa noti, na akirudi hurejesha hesabu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwuzaji ni hili: "Programu yako inayajua masurufu?" Asikujibu kwa maneno, akuonyeshe. Atoe shilingi 500,000 kwa jina la mfanyakazi wa mfano, aingize matumizi ya 430,000, kisha tuone zile 70,000 zilizobaki zinadaiwa wapi na kwa jina la nani. Halafu ageuze, matumizi yawe 560,000, tuone kama mfanyakazi anaonekana kuwa anaidai ofisi 60,000. Programu isiyoweza hayo mawili ni nzuri kwa mtu mwingine, si kwako.

Tena ijue tofauti kati ya posho na gharama halisi. Posho ya kujikimu ni kiwango kilichokwisha kupangwa, na kwa kawaida hakidaiwi stakabadhi ya kila sahani ya wali. Nauli, mafuta ya gari na ukumbi wa mkutano ni gharama halisi, na stakabadhi yake ni lazima. Programu ikivichanganya hivi viwili, mhasibu ataanza kudai risiti ya maandazi, na ugomvi utahamia jikoni.

Swali la pili ni la njia zetu. Mitambo ile niliyoitaja ilizaliwa kuhudumia ndege. Safari ya Nairobi hadi London itaonekana vizuri sana. Je, basi la kwenda Songea? Je, treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, au ile ya Nairobi na Mombasa iliyoanza mwaka 2017? Je, boti ya Unguja? Kaa na orodha ya safari za ofisi yako za miezi mitatu iliyopita, uhesabu ngapi zilikuwa za ndege na ngapi za barabara, reli na maji. Ukiona katika kila kumi nane ni za basi, basi usilipie mtambo mkubwa wa kukata tiketi za ndege. Tafuta programu ya gharama peke yake, na tiketi za ndege hizo mbili mwachie wakala wako.

Lakini msidharau faida ya safari zote kuandikwa mahali pamoja, hata zile za basi. Wakati mwingine habari ya ajali ya barabarani hutufikia alfajiri kupitia redio. Mkuu wa ofisi anatakiwa ajue mara moja kama mtu wake yumo katika gari lile, si kuanza kupiga simu nyumbani kwa mke wa mtu na kumtia hofu. Iko na faida nyingine, ya fedha. Safari zikiahirishwa, tiketi ya ndege isiyotumika mara nyingi hubaki na thamani yake au sehemu yake, kulingana na masharti ya tiketi hiyo, kwa muda maalumu. Ofisi nyingi huzisahau, na fedha inayeyuka. Mwulize mwuzaji kama programu yake hukumbusha tiketi zilizolala.

Swali la tatu ni la stakabadhi, na hapa niwatake radhi, nitakaa kidogo.

Tanzania Bara, mashine za stakabadhi za kodi, tunazoziita EFD, zilianza kutumika mwaka 2010, na sheria inamtaka mwuzaji atoe stakabadhi na mnunuzi aidai. Kenya nako, tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama nyingi za biashara haziruhusiwi kupunguzwa katika hesabu ya kodi ya mapato kama hazina ankara ya kodi ya kielektroniki, ingawa yako mambo machache yaliyosamehewa. Kwa hiyo karatasi ile anayorudi nayo dereva mfukoni si ya kumridhisha mhasibu tu. Ni fedha.

Sasa, karatasi ya mashine hizo ni ya kuchapwa kwa joto, si kwa wino. Ikikaa hufifia. Ikiachwa juani mbele ya usukani inaweza kuwa nyeusi tii. Mkaguzi atakapokuja mwaka wa pili atakuta bahasha iliyojaa karatasi tupu. Hii ndiyo sababu mojawapo iliyo ya kweli kabisa ya kuwa na programu: dereva anapiga picha ya stakabadhi kwa simu papo hapo, kituo cha mafuta hakijamtoka machoni, na picha inakwenda ofisini kabla karatasi haijaharibika. Uliza basi: mtandao ukikosekana, kama unavyokosekana katika njia nyingi, picha itasubiri ndani ya simu na kwenda yenyewe mtandao ukirudi, au itapotea? Jaribu mwenyewe. Zima data, piga picha, funga simu, uiwashe tena, uone.

Hapo liko kosa ambalo wengi tunalifanya. Ujumbe wa simu unaosema fedha imetumwa kwa fulani ni ushahidi kwamba fedha imetoka, lakini hausemi imenunua nini, wala si stakabadhi ya kodi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, tumezoea kuuchukulia ujumbe ule kama mwisho wa maneno. Programu nzuri huviweka viwili hivi ubavu kwa ubavu, yaani ujumbe wa malipo na stakabadhi ya bidhaa, na kimoja kikikosekana hukuambia.

Na yule mama wa nyumba ya wageni je? Bado yupo. Yupo Kibondo, yupo Lamu, yupo kila mahali kazi inakompeleka mtu. Ofisi inayoamua kwamba stakabadhi ya mkono haipokewi kamwe inawafundisha wafanyakazi wake jambo baya, nalo ni kutafuta stakabadhi ya uongo iliyoandikwa vizuri badala ya ya kweli iliyoandikwa vibaya. Programu iwe na mlango wa maelezo: hapakuwa na mashine, nililala mahali fulani, nililipa kiasi hiki, jina la mwenye nyumba ni hili. Mkuu asome, apitishe au akatae, na jina lake libaki pale. Kodi itahesabiwa kwa kanuni zake, lakini mfanyakazi asiadhibiwe kwa sababu alitumwa mahali pasipo na mashine.

Swali la nne ni la udanganyifu. Wauzaji hupenda kusema kompyuta yao inanusa wizi. Kweli, inaweza kuona stakabadhi yenye namba moja imewasilishwa mara mbili, au mtu kudai kulala Arusha na Tanga usiku mmoja. Siku hizi programu husoma picha yenyewe, tarehe na kiasi, bila mtu kuandika. Lakini akili mnemba hiyo hiyo inayosoma stakabadhi inaweza pia kuchora stakabadhi isiyokuwapo, na ikafanana na ya kweli. Kwa hiyo usalama haumo katika uzuri wa picha. Umo katika kuhakiki namba ya stakabadhi kwa mamlaka ya kodi, na katika desturi ya zamani ya ofisi: anayeomba si anayeidhinisha, na anayeidhinisha si anayelipa. Mwombe mwuzaji akuonyeshe kama mkuu anaweza kujiidhinishia safari yake mwenyewe. Akiweza, hapo hujanunua kufuli, umenunua kitasa. Na kila badiliko liache alama: nani kabadili, lini, kutoka kiasi gani kwenda kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba daftari linalofutika bila alama si daftari.

Swali la tano ni la bei, na hapa tuchukue kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, ofisi ina wafanyakazi 60, lakini wanaosafiri ni 12, kila mmoja mara moja kwa mwezi. Mwuzaji wa kwanza anataka shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi aliyeajiriwa. Hiyo ni 600,000 kwa mwezi. Gawanya kwa safari 12, utaona kila safari imebebeshwa 50,000 za programu kabla mtu hajapanda gari. Mwuzaji wa pili anatoza 10,000 hizo hizo, lakini kwa wale wanaosafiri tu. Hiyo ni 120,000, yaani 10,000 kwa safari. Bei ya tangazo ni moja, bali mzigo umetofautiana mara tano. Uliza pia kama bei ni kwa dola, maana bajeti ni ya shilingi na dola haikuajiriwa na wewe. Na ofisi yenye safari tatu kwa mwezi, niiambie ukweli, inahitaji jedwali la hesabu la kompyuta, faili la picha za stakabadhi na karani mwaminifu. Isione haya.

Swali la sita ni la siri za watu. Programu ya safari hujua namba ya pasipoti, namba ya simu, mahali mtu alipolala na siku aliyolala. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023. Sheria zote mbili zina masharti juu ya kuhamisha taarifa za watu kwenda nje ya nchi. Mwuzaji akuandikie, si akuambie: taarifa zinakaa nchi gani, nani anaziona, na tukiachana utanikabidhi kumbukumbu zangu zote kwa namna ninayoweza kuzifungua, au zitabaki kwako kama mahari? Hili la mwisho wengi hulisahau siku ya kutia sahihi, wakalikumbuka siku ya kugombana.

Sasa turudi kwenye swali langu la mwanzo. Inakuja kumtua nani mzigo?

Katika ofisi nyingi mzigo wa safari haumo kwa mkuu. Mkuu hukatiwa tiketi na katibu muhtasi wake. Mzigo umo kwa wadogo. Fundi anaambiwa leo jioni kwamba kesho alfajiri aende, masurufu hayajatoka, mwenye kusaini hayupo. "Nenda tu, utarudishiwa." Anakopa. Tuseme amekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kama wakopeshaji wa mitaani wanavyoweza kudai, na ofisi ikamrudishia baada ya miezi miwili. Atarudishiwa 300,000 zake, lakini riba ya 60,000 ameilipa yeye. Hakuna safu ya riba hiyo katika fomu yoyote ya kurejesha masurufu. Fundi huyu ameikopesha kampuni fedha, na kampuni haikumlipa faida, na ikimwona anasitasita safari ijayo itasema hana moyo wa kazi.

Kwa hiyo kabla ya kununua programu, ofisi iandike kanuni zake kwenye ukurasa mmoja kwa Kiswahili ambacho dereva atakisoma bila mkalimani. Iseme masurufu yatatoka siku ngapi kabla ya safari. Iseme mwenye kuidhinisha akiwa likizo nani anashika nafasi yake. Iseme mfanyakazi ana siku ngapi za kurejesha hesabu, na, hili ndilo linalosahauliwa daima, iseme ofisi nayo ina siku ngapi za kumlipa anachodai. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msafiri anadaiwa arudi na hesabu, na ofisi nayo idaiwe. Kisha itafutwe programu inayoweza kuzishika kanuni hizo, yenye kuhesabu siku za pande zote mbili, na kumwonyesha mkuu kila Jumatatu orodha ya wanaoidai ofisi, kama inavyomwonyesha orodha ya wanaodaiwa.

Halafu ijaribiwe mwezi mmoja kabla ya mkataba. Wapewe watu watatu: dereva, mwuzaji wa mikoani na mhasibu mwenyewe. Si kijana wa kitengo cha kompyuta, kwa kuwa yeye ataiweza hata ikiwa mbovu. Dereva akishindwa kuingiza stakabadhi ya mafuta kwa simu yake ya kawaida baada ya kuonyeshwa mara moja, irudishwe kwa mwenyewe na asante. Mhasibu aseme kama hesabu zimeingia katika vitabu vyake bila kuandikwa upya kwa mkono, maana kazi inayofanywa mara mbili haijapunguzwa. Na wote watatu waulizwe swali moja: safari hii ulitumia fedha yako kiasi gani, na umerudishiwa baada ya siku ngapi? Jibu la swali hilo ndilo cheti cha programu. Mengine ni matangazo, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Karatasi yangu ya daftari la shule niliitunza miaka mingi ndani ya Kamusi, mpaka wino wake ukawa wa kahawia. Si kwa sababu ya fedha, ambazo zilikwisha kusahaulika. Niliitunza kwa sababu mama yule aliandika kweli tupu, siku tatu, chumba namba nne, na maji ya kuoga, na hapakupatikana ofisini mtu hata mmoja wa kuisoma.